Springi za mbele za gari la shamba: pima pua kabla hujanunua koili

Wiki hii naweka pembeni viuatilifu na bei ya vitunguu, nazungumzia gari. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha kazi yake. Lakini tangu msimu wa nyanya uanze, maswali ninayopokea kuhusu magari yamezidi yale ya kantangaze, na swali lenyewe ni lile lile: "Afisa, nimeunga gari la kuingia shambani, pua imelala, ninunue springi gani za mbele?"

Vijana wengi wa huku Kilolo na Mufindi wanachukua Land Rover One Ten iliyochoka au Land Cruiser la zamani, wanakata bodi ya nyuma, wanaweka kitanda cha chuma cha kupakia matenga. Injini ya zamani inatolewa, inaingia ya silinda sita. Mbele wanachomelea bampa la chaneli, juu yake winchi, na betri ya pili ya kuendesha hiyo winchi. Gari linapendeza kweli kweli. Shida inaanza siku ya kwanza ya kushuka nalo na mzigo.

Kwanza tuelewane majina. Naongelea koili, ile springi ya kuzunguka kama skrubu. Siongelei zile za vyuma bapa vilivyopangana kama za Fuso. One Ten ina koili mbele tangu ilipotoka mwaka 1983. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zile nzito, kama hardtop na pikapu, zilipata koili mbele mwaka 1999, nyuma zikabaki na vyuma bapa. Kama la kwako ni la kabla ya hapo, angalia chini ya gari kwanza, usije ukanunua kitu kisicho na pa kukaa.

Sasa kosa kubwa ninaloliona. Mtu anaingia dukani anasema, "Nipe springi ngumu, mimi napakia tani moja." Muuzaji anampa ngumu kuliko zote. Lakini hiyo tani moja iko wapi? Iko nyuma. Springi za mbele haziijui kabisa.

Tupige hesabu kwa mfano wenye namba rahisi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma One Ten ina inchi 110, ndiko jina lilikotoka, yaani milimita 2,794. Tuseme umepakia kilo 1,000 za nyanya na katikati ya mzigo iko milimita 200 mbele ya ekseli ya nyuma. Uzito unaofika mbele ni 1,000 mara 200 gawanya kwa 2,794. Unapata kilo 72. Kilo 928 zote zinabebwa na nyuma. Na ukirefusha kitanda, mzigo ukavuka ekseli ya nyuma kwa hizo hizo milimita 200, mbele hapaongezeki kitu, panapungua kilo 72. Ndiyo maana gari la kitanda kirefu likijaa stelingi inakuwa nyepesi kama inaelea.

Geuza upande wa pili. Bampa na winchi vina kilo 100, vimekaa milimita 600 mbele ya ekseli ya mbele. Hapo unachukua 2,794, unaongeza 600, unagawanya kwa 2,794, unazidisha kwa 100. Jibu ni kilo 121. Umeweka kilo 100, ekseli ya mbele inabeba 121, kwa sababu bampa linaning'inia nje kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea, na nyuma inanyanyuliwa kwa kilo 21. Wale wa matrekta mnalijua hili. Ndiyo kazi ya vile vyuma vinavyofungwa puani kwa trekta likivuta jembe zito. Tofauti ni kwamba trekta tunalipa uzito kwa makusudi, ila kwenye gari tunaupachika halafu tunashangaa.

Kwa hiyo kinachoamua springi za mbele ni uzito unaokaa mbele siku zote, gari likiwa na mzigo au tupu. Huo unapimwa kwa mizani, haukisiwi kwa macho.

Mizani ipo. Viwanda vingi vya kukoboa na maghala makubwa ya nafaka yana mizani ya magari. Ongea nao vizuri saa ambayo hakuna foleni. Jaza mafuta tenki zima, kaa mwenyewe kwenye usukani, weka na msaidizi wako, funga kila kitu kinachokaa mbele siku zote, kitanda kiwe kitupu. Pandisha magurudumu ya mbele tu juu ya mizani, ya nyuma yabaki chini kwenye usawa ule ule. Andika namba. Kisha pandisha ya nyuma peke yake, andika. Dakika kumi umemaliza, na una kitu ambacho wauza spea wengi hawajawahi kuulizwa.

Tuseme mbele umepata kilo 1,320, na kabla ya kuunga gari lilikuwa na 1,080. Zimeongezeka 240: zile 121 za bampa na winchi, zilizobaki ni injini nzito na betri. Sasa springi haibebi ekseli wala magurudumu, vyenyewe viko chini yake. Kwa ekseli nzima ya mbele ya gari la aina hii, pamoja na matairi na breki, mimi hukata kilo 250 hadi 300. Tukate 280. Zinabaki 1,040, gawa kwa mbili, kila springi inabeba kilo 520. Zamani ilibeba 400.

Hapa ndipo ugumu unapoingia. Ugumu wa springi ni kilo ngapi zinahitajika kuiminya milimita moja. Springi ya kilo 2.7 kwa milimita ikibeba kilo 400 inaminyika milimita 148. Ikibeba 520 inaminyika 193. Tofauti ni 45, na hizo ndizo sentimita nne na nusu ambazo pua ya gari lako imelala. Umeona? Mara nyingi springi haijachoka. Umeibebesha kitu ambacho haikutengenezewa.

Ukitaka pua irudi ilipokuwa, una njia mbili za halali. Ya kwanza ni springi yenye urefu ule ule ila ngumu zaidi: 520 gawa kwa 148, unapata 3.5 kwa milimita. Ya pili ni springi yenye ugumu ule ule wa 2.7 ila ndefu kwa milimita 45. Zote mbili zitasimamisha gari usawa mmoja. Barabarani hazifanani hata kidogo.

Mimi kwa gari la shamba nachagua ya kwanza, na sababu ni mteremko. Chukua gari hili la jumla ya kilo 3,200 na mzigo wake, linashuka Kitonga, mbele lori limesimama ghafla. Ukikanyaga breki kali, uzito unakimbilia mbele. Kwa hesabu ya haraka, breki inayofikia nusu ya uzito wa gari, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 90 juu ya lami, kilo kama 515 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele, yaani 257 kila springi. (Mikono inayoshika ekseli nayo inasaidia kuzuia pua isizame, kwa hiyo hali halisi ni nafuu kidogo, lakini sipendi kutegemea nafuu nikiwa Kitonga.) Springi ya 2.7 inazama milimita 95 nyingine. Kama awali palikuwa na milimita 100 kati ya ekseli na raba ya kuzuia, na wewe umeshalala 45, zimebaki 55. Ekseli inagonga raba kabla breki haijamaliza kazi. Ikishagonga, huna tena springi. Una chuma juu ya chuma, tairi linarukaruka juu ya lami badala ya kuishika, na stelingi iko mkononi kwako wakati huo huo. Ya 3.5 inazama 73, na kwa kuwa pua imerudi juu, bado una 27 za akiba.

Ile ndefu ya 2.7 nayo imerudisha pua, kwa hiyo ina zile 100 zake, ikizama 95 inabaki na 5. Pembamba mno. Na kwenye kona gari litalala ubavu zaidi, juu kuna matenga. Anayetembea na gari tupu kwenye mawe kwa starehe anaweza kuipenda ile, sisi tunabeba.

Basi utasema, kama ngumu ni nzuri, si nichukue ya 5 nimalize? Hapana bwana. Ya 5 yenye urefu ule ule, chini ya kilo 520, inaminyika 104 tu. Gari litasimama sentimita nne na zaidi juu ya asili, na vijana wanafurahi, limekaa kibabe. Lakini ule mminyiko ndio pia umbali ambao gurudumu linaweza kushuka likifuata korongo huku springi bado inalisukuma. Ulikuwa na 148, sasa una 104. Kwenye ule mfereji wa njia ya shamba, tairi moja linaning'inia hewani linazunguka bure, ndipo hapo unaita trekta. Halafu kuna mtikisiko. Ukitaka kujua pua inapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde, gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha mminyiko wa milimita. Kwa 148 unapata 1.3, na kwa 3.5 yetu ni hiyo hiyo, maana mminyiko ni ule ule. Kwa 104 unapata 1.55. Saa tatu za barabara ya vumbi kwa mwendo huo utazisikia kiunoni, na nati za rejeta zitazisikia kabla yako.

Sitakudanganya lakini: nyanya za kule nyuma zinaumizwa zaidi na springi za nyuma na upangaji wa matenga kuliko koili za mbele. Usinunue koili kwa sababu ya nyanya. Nunua kwa sababu ya stelingi na breki.

Kuna la kuinua gari ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kwenye One Ten na Land Cruiser hizi, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma. Ukiinua pua, mikono inashuka na ekseli inajiviringisha, ule mwegamo unaofanya stelingi irudi yenyewe katikati unapungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani, dereva anasema tairi hazijabalansiwa. Ile fimbo ya kushoto kwenda kulia inayozuia ekseli isiende pembeni nayo inaivuta ekseli upande mmoja. Mabomba ya breki yanakazika. Shokapu zinafika mwisho kabla ya springi. Ndiyo maana nasema rudisha gari kwenye kimo chake cha asili, na kama ni lazima uinue, tenga bajeti ya hivyo vyote pamoja na koili.

Tuje sokoni. Za boksi mara nyingi zina ugumu ulioandikwa kwenye karatasi au orodha ya muuzaji, ila vipimo vinatofautiana. Ukikuta pauni kwa inchi, gawanya kwa 56 upate kilo kwa milimita. Ukikuta niutoni kwa milimita, gawanya kwa 9.81. Kwa hiyo 3.5 yetu ni kama pauni 196 kwa inchi, au niutoni 34. Muuzaji akikwambia "hii ni hevi duti" na hana namba, hajakwambia kitu. Muulize namba na urefu wa springi ikiwa haijabebeshwa.

Za mtumba hazina karatasi. Land Rover walipaka mistari ya rangi kwenye koili kutofautisha aina, lakini baada ya miaka ya tope rangi huwa imekwenda. Usihofu, chuma chenyewe kinasema. Beba vernia kalipa. Pima unene wa waya, pima upana wa springi nje kwa nje halafu toa unene wa waya, hesabu mizunguko yote na utoe miwili ya miisho iliyolala. Zidisha unene kwa wenyewe mara nne, zidisha kwa 1,000. Hiyo weka pembeni. Zidisha upana kwa wenyewe mara tatu, kisha kwa idadi ya mizunguko. Gawanya ya kwanza kwa ya pili.

Mfano: waya milimita 14, nje 144, kwa hiyo upana ni 130, mizunguko inayofanya kazi 6. Juu ni 38,416,000. Chini ni 13,182,000. Jibu 2.9. Sasa chukua nyingine ya upana na mizunguko hiyo hiyo, waya 15. Unapata 3.8. Milimita moja tu ya unene imeongeza ugumu karibu theluthi nzima, na kwa macho hizo springi mbili ni mapacha. Ndiyo maana sipendi kusikia "nimepata inayofanana". Kwa hesabu hii utakosea kidogo, kwa sababu ya kutu na miisho, lakini utakuwa karibu. Na kila unayoinunua mtumba zinunue mbili zilizotoka gari moja, zisimamishe mezani, zilingane urefu.

Zile dawa za mtaani nazipitia haraka. Kukata mzunguko mmoja kwa gesi: mizunguko 6 ikiwa 5 ugumu unapanda asilimia 20, gari linashuka, na moto umeua ukali wa chuma pale ulipopita. Kupachika vipande vya tairi katikati ya mizunguko: mizunguko ile inakufa, inayobaki inabeba peke yake hadi inakatika. Springi ya gari lingine "inayoingia": pima kama nilivyosema, na hakikisha mwisho wake unakaa kwenye kikombe chake sawasawa. Kama uzito wa mbele unabadilika, mfano msimu wa kupulizia unafunga tenki la maji puani, chagua springi kwa uzito wa siku nyingi, kisha, kama ndani ya koili pana nafasi, tia mifuko ya hewa ile inayoingia humo, unaijaza tenki likiwepo.

Shokapu hazibebi uzito, zinatuliza tu. Springi ikiwa ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo shokapu za zamani zilizolegea zitaacha pua inadunda kama mpira. Tenga pesa ya vyote viwili mara moja.

Kwenye kufunga, kwa ekseli nzima kazi ni nyepesi: chesesi juu ya stendi imara, siyo jeki, fungua shokapu, teremsha ekseli taratibu huku ukiangalia bomba la breki, springi inatoka yenyewe. Lakini kama gari lako ni Hilux za karibuni, ambapo koili imebanwa pamoja na shokapu, usifungue ile nati ya juu nyumbani. Springi ile imefungwa ikiwa imeminywa, ikifyatuka inaua mtu. Mpeleke fundi mwenye vibanio vyake.

Na ukiwa umebadili injini, hakikisha namba mpya imeingia kwenye kadi ya gari TRA kabla hujafikiria springi. Bima wanaisoma kadi ile siku ya ajali.

Baada ya kufunga, simamisha gari kwenye saruji iliyonyooka, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, andika kwenye daftari lile lile la mbolea. Koili mpya hulala kidogo mwanzoni, kwa hiyo pima tena baada ya kilomita 500 hivi, ukiwa umekaa kwenye usukani. Ikiwa upande wa dereva uko chini kwa sentimita moja au zaidi, zitoe uzilinganishe urefu, maana baadhi ya magari haya, One Ten likiwemo, hutoka kiwandani na springi mbili tofauti, ile ndefu kidogo ikiwa ya upande wa dereva. Inawezekana fundi amezipishanisha tu.

Mwenye namba za mizani na vipimo vya springi zake aziandike hapo chini, tuzipigie hesabu pamoja. Ukiandika "pua imelala, nisaidie" bila namba, nitakurudisha kwenye mizani.